Kete Iliyomnyima Chande Usingizi

Waliokwenda walirudi na maneno, sisi tuliobaki tukaachiwa masikio. Basi tegeni yenu niwape habari za Lalapo, nchi ambayo kulala ni sheria na kukesha ni mashaka. Njia ya kwendea msiniulize. Raya binti Mbwana alifika, na mimi hiyo inanitosha.

Raya alikuwa msusi wa nywele, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye vidole vyepesi na ulimi uliovishinda vidole. Alikwenda kumtazama mdogo wake, Chande, aliyehamia huko miaka mitatu nyuma kwa sababu ya sauti. Kwao sauti ile ilikuwa kero tupu: Chande akipiga chafya, "afya" inatoka mtaa wa pili. Lakini Lalapo walipomsikia walimpokea kwa mikono miwili, wakampa kazi, wakampa na kilima cha kuifanyia.

Langoni Raya alimkuta mlinzi amelala fofofo kwenye kiti cha chuma, kikapu kidogo mapajani, na chini ya kiti jiko lililofunikwa majivu. Akapiga hodi. Akakohoa. Akasema habari za hapa, mara tatu, na ya tatu aliisema kwa hasira. Kimya. Ndipo alipoona kibao ukutani: ASIYEHITAJIKA ALALE. AMHITAJIYE ATIE KETE. Chini yake palikuwa na bakuli la kete, zile zile za kuchezea bao.

Akachukua kete moja, akaitumbukiza kikapuni. Kengele ikalia mahali fulani nyuma ya ukuta, akatokea mwanamke na kipepeo cha jiko, akafukua majivu, akapepea. Jiko likashika moto, kiti kikapata joto, na mlinzi akafumbua macho pole pole.

"Chande Mbwana yuko kilima gani?" Raya akauliza hapo hapo.

"Nani yuko kilima gani?" akajibu mlinzi.

"Chande! Kwani masikio nayo yamelala?"

"Ndiyo, mama," mlinzi akasema bila kuudhika. "Mtu akiamshwa, neno la kwanza huwa halimfikii. Ndiyo maana hapa tunaamkiana sana kabla ya shida. Salamu zinapotea, shida inabaki salama. Wewe umeanza na shida yenyewe."

Raya, aliyezoea wateja wanaoanza na "nisuke haraka nawahi harusi", aliona hapo kuna akili. Akamuuliza kulala huku kote kwa nini. Mlinzi akamweleza kwamba Lalapo ina msitu mmoja tu, nao umekatwa nusu. Maji ya nchi ile yana tabia yake: anayeyanywa kwa mwaka mmoja huwa hawezi kuwa macho ila jiko lake liwe linawaka, wala hawezi kulala ila lizimwe. Basi Bunge likapitisha sheria. Mwenye shida na mtu atie kete, moto uchochewe. Akimaliza shida yake aitoe. Kikapu kikiwa kitupu, zihesabiwe pumzi mia mbili, asije akatokea mwingine mara moja, kisha jiko lifunikwe na mwenye kikapu alale zake.

"Na kikapu kikiwa na kete?"

"Mtu anahitajika, mama. Moto hauzimwi."

"Sheria nzuri," Raya akasema, na siku ile ya kwanza alimaanisha. Akaelekezwa Kilima cha Nne, akatoa kete yake, akangoja aone pumzi mia mbili zikiisha, na kabla hajafika kona ya barabara akamsikia mlinzi anakoroma.

Sasa niwaambieni kazi ya Chande. Lalapo hawana barua. Wana vilima saba, na juu ya kila kilima kuna mpazaji mwenye baragumu. Mwenye ujumbe anapanda, anatia kete, anamwambia mpazaji neno moja, mpazaji analipiga kwa baragumu, bonde zima linasikia. Kisha neno la pili, kisha la tatu, moja nyuma ya jingine mpaka ujumbe uishe. Hapana kuchanganya wala kurukia. Anayetaka kusema mengi apande asubuhi.

Raya alipofika juu, alisimama ghafla, na si kwa sababu ya mlima. Yule aliyekaa kitini alikuwa Chande, lakini nusu yake. Mashavu yameingia ndani, macho mekundu yamemtoka kama ya dagaa. Jiko chini yake lilikuwa linawaka kwa furaha zake.

"Dada?" Sauti ilikuwa imepasuka. "Dada Raya, ni wewe, au nimeanza kuona vitu?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Ole wangu! Wamekufanya nini?"

"Siku ya ishirini leo. Sijafumba hata jicho moja." Akanyoosha kidole kilichokonda. "Tazama kikapuni."

Kikapuni mlikuwa na kete moja, nyeupe, imelala peke yake.

"Ya nani?"

"Ningejua, dada, ungenikuta nakoroma."

Raya alikaa chini akalia kidogo, maana alikuwa mtu wa kulia upesi na kumaliza upesi. Kisha akajifuta, akataka kuambiwa yote. Chande akasimulia. Siku moja kulinyesha, kuni zikalowa. Kengele ya kikapu ililia, lakini jiko lilikataa kushika, likatoa moshi tu. Liliposhika, baada ya kitambo kirefu, akafumbua macho: kete imo, mtu hayumo. Akangoja. Wengine walikuja na zao, wakahudumiwa, wakatoa zao, wakashuka. Ile moja ikabaki.

"Na wewe, mama, hukumwona?" Raya akamgeukia mchocheaji wa kilima, Bi Fundira, mwanamke mnene aliyejaa masizi hadi kwenye nyusi.

"Nilikuwa nimeinama napuliza, mwanangu, moshi umenijaa machoni. Hata angepita tembo na ngoma nisingemwona."

"Basi si kitu," Raya akasema, akapeleka mkono kikapuni.

Bi Fundira akaupiga mkono ule kofi la haki. "We! Unataka kutufunga wote? Kete haitolewi ila na aliyeitia!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tulishaona. Alikuja bwana harusi hapa kutangaza harusi yake. Nyuma yake palikuwa na mtu na haraka zake, akachukua kete akidhani ni yake iliyobaki jana. Nikaona kikapu kitupu, pumzi mia mbili zikaisha, nikafunika jiko, na mpazaji akalala na jina la bibi harusi mdomoni. Bonde zima likaja harusini likamkuta bwana amekaa, na madada wanne wa nyumba moja wamejipamba, kila mmoja anasema aliyetangazwa ni yeye." Akatingisha kichwa. "Ilichukua mwezi kuwatuliza. Tangu siku hiyo mikono ya watu haigusi kete za wenzao."

Raya hakuweza kubisha. Sheria ile ilikuwa na sababu yake. Lakini Chande alikuwa hajamaliza.

"Bado kesho, dada. Kesho saa sita mchana nafikisha siku ishirini na moja. Sheria inasema aliyekesha siku ishirini na moja si wa kulala tena. Anapelekwa Ikulu, anakuwa Mpazaji wa Ikulu, na kikapu chake kinashonwa mdomo kete ikiwa ndani."

"Akafanye nini huko?"

"Akae macho. Nchi ikipatwa na msiba wa mwisho, kila mtu kalala au kafa, lazima abaki mmoja wa kutangaza kwamba imekufa."

"Amtangazie nani?"

Chande alifikiri. "Hilo hawakuniambia. Lakini wanasema chakula chao kizuri." Akacheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi, na Raya akaona kwamba mdogo wake hatafika mwezi mmoja katika kazi hiyo, chakula kizuri au kibaya.

Akashuka mbio hadi Ofisi ya Usingizi.

Karani alikuwa amelala juu ya daftari. Raya akatia kete, kengele ikalia, mchocheaji akachungulia, akasema, "Haamki huyu kabla ya bosi wake," akaenda zake. Raya akapanda ghorofa ya pili, akatia kete kwa bosi. Bosi naye haamki kabla ya mkubwa wake. Ghorofa ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne alikuwako Mkurugenzi mwenyewe, na huyo ndiye aliyeweza kuamshwa bila mtu mwingine. Moto ukashuka kwa koleo kutoka jiko la juu hadi la chini, na karani alipofumbua macho, wakubwa watatu walikuwa wamesimama kwenye ngazi wanamtazama Raya kwa chuki.

"Mabwana hamjambo, habari za kazi, za hapa, za tangu asubuhi," Raya akasema, kwani alikuwa mwepesi wa kujifunza. "Bwana karani, kwa nini nyumba nzima iamke kwa ajili ya neno langu moja?"

"Makaa yangu yanatoka jiko la bosi, mama. Lake likiwa baridi mimi nitawashwa na nini?"

"Na wao watalala lini?"

"Nikishalala mimi."

"Kumbe wewe ndiye mkubwa wao."

Karani akageuka kutazama ngazi, akainamisha kichwa daftarini kuficha kicheko. "Usiseme kwa sauti, mama."

Habari ya Chande waliijua. Walikuwa wameifanyia kazi, tena kazi kubwa. Daftari lilikuwa na majina ya watu mia tatu na kumi na wawili waliohudumiwa Kilima cha Nne tangu masika yaanze, na wote, mmoja mmoja, walikuwa wameulizwa na kuapishwa. Wote walitoa kete zao. Uchunguzi ukafungwa.

"Mkaona nini?"

"Kwamba kete haina mwenyewe," akasema bosi wa kwanza.

"Kwamba ilijitia," akasema wa pili.

"Maoni hayo mawili yanakwenda barazani kesho asubuhi," akasema Mkurugenzi, "pamoja na pendekezo la kumsaidia ndugu yako. Tunataka pumzi za kungoja kabla ya kulala zipunguzwe kutoka mia mbili hadi mia na hamsini. Atapata usingizi mapema zaidi."

Raya alihisi damu inampanda kichwani. "Mzee wangu, pumzi zinahesabiwa kikapu kikiwa kitupu. Kikapu si kitupu!"

"Hilo limo," akasema Mkurugenzi kwa upole. "Kifungu cha tisa. Mengineyo."

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja baraza lilijaa. Kwa nchi ya walalaji, Walalapo wanapenda sana kubishana, na ubishi wao mkubwa ni huo wa pumzi, wana mwaka wa kumi na moja nao. Upande mmoja wanakaa Papo-kwa-Papo, wanaotaka mtu alale kete ya mwisho ikitoka tu, ili msitu upone. Upande wa pili wanakaa Wasubirifu, wanaosema kumlaza mtu na kumwamsha kila dakika kunakula kuni nyingi kuliko kumwacha macho. Papo-kwa-Papo mmoja alisinzia katikati ya hotuba yake kwa kuonyesha mfano. Msubirifu mmoja alinyamaza muda mrefu kabla ya kumjibu, naye kwa kuonyesha mfano. Raya alitazama kivuli cha mlingoti nje kinavyofupika, akatafuna ncha ya mtandio wake.

Aliyekalia kiti cha mbele alikuwa Mheshimiwa Tulizo, Mwamuzi Mkuu, mtu mwororo, mwenye ngozi inayong'aa ya mtu anayelala vizuri. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria aliipenda hasa. Kifungu cha tisa kilipofika, saa tano kamili, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Kuhusu huyu Chande wa Kilima cha Nne," akasema, "mimi sioni haja ya maneno mengi. Ikulu kunamfaa. Kwenye kilima hana faida yoyote. Mimi nasema kwa kujua, nilimwendea mwenyewe. Nilipanda mlima wote ule na tangazo, mwili huu mnauona, nikafika, nikamkuta gogo. Moshi, kikohozi, kimya. Nikashuka nikaenda Kilima cha Tano, nikahudumiwa vizuri. Nimewaambia watu wote, na leo nawaambia tena: wa nne ni bure kabisa."

Watu wakatingisha vichwa; hadithi ile walikuwa wameisikia sokoni, msibani na kwenye foleni ya maji.

Raya aliacha kutafuna mtandio. Ndugu zanguni, miaka ishirini ya kusuka vichwa vya watu inafunza jambo moja: mteja uliyemsuka akaridhika hakutaji tena mpaka nywele zifumuke. Yule uliyemrudisha mlangoni kwa sababu ya wingi wa watu, huyo ndiye anayekutangaza mtaa mzima. Raya aliwajua kwa majina waliomsema kwao. Hakuwa amemgusa nywele hata mmoja wao.

Akasimama. Mgeni hasimami barazani, lakini alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani, za usingizi?"

"Njema, njema, salama, mzuri," Mheshimiwa akajibu, maana salamu haikatwi hata na kanuni za baraza.

"Siku hiyo uliyopanda Kilima cha Nne, ulitia kete?"

Mheshimiwa alicheka. "Mama, mimi ndiye niliyeandika sheria ya kete. Bila shaka nilitia."

"Na ulipoondoka uliitoa?"

"Niitoe kwa nini?" akasema Mheshimiwa. "Kete hutolewa na aliyehudumiwa, akimaliza. Mimi sikuhudumiwa. Sikupata kitu pale. Ni sawasawa na mtu ambaye hakwenda."

Mtu mmoja mlangoni akasema "Lahaula" kwa sauti ndogo.

"Mheshimiwa," Raya akasema taratibu, "wewe hukwenda. Kete yako ilikwenda."

Niwaambieni ukweli, Raya alingoja kushangiliwa. Hakushangiliwa. Aliona kitu kingine: mikono inapanda vichwani, mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu. Ajuza mmoja akashika shavu akasema, "Yule mlinzi wa ghala aliyekataa kuamka mwaka juzi..." Msubirifu akamwangalia Papo-kwa-Papo, naye akamwangalia yeye. Karani alikuwa amefungua daftari lake la waliohudumiwa na analitazama kama mtu aliyeona nusu ya nyumba yake haina paa. Nchi nzima ilikuwa imejifunza kutia kete, na kuitoa shida ikiisha. Hakuna aliyewahi kufunzwa afanye nini asipohudumiwa. Waliondoka na hasira zao, kete wakaziacha, na kuni za msitu zikaungua miaka yote chini ya watu wasiohitajika na mtu.

"Saa ngapi?" Mheshimiwa akauliza, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Saa tano na robo."

Mheshimiwa Tulizo akainuka, akakunja kanzu, akatoka. Baraza lote likatoka nyuma yake, likatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji, huyu kilimani, huyu ghalani, huyu mlangoni kwa mkunga, kila mtu anakwenda kutafuta kete yake.

Kilima cha Nne kina mteremko mkali, na Mwamuzi Mkuu alikuwa hajakimbia tangu ujana. Raya alimsukuma kwa nyuma, na hayo siyaoni kuwa ya kuficha. Juu walikuta watu wawili wa Ikulu wameshafika, mmoja ameshika uzi, mwingine anatunga sindano, wanatazama jua. Chande alikuwa amefungua macho bila kuona. Bi Fundira alikuwa anachochea moto huku analia.

Mheshimiwa akainama juu ya kikapu, akatweta, akatumbukiza vidole viwili, akaitoa kete.

"Ni yangu," akasema. "Mnisamehe."

"Moja," Bi Fundira akaanza kuhesabu pumzi, kwa sauti kubwa ili watu wa Ikulu wasikie. "Mbili. Tatu."

Mia mbili ni nyingi kuliko mnavyodhani. Na kikapu kitupu Lalapo ni kama mlango wazi. Akitokea mtu akatia kete, hesabu inavunjika, mtu anakaa macho mpaka ahudumiwe, kisha inaanzwa upya. Raya akasimama mbele ya kikapu, mikono kiunoni.

Kwenye pumzi ya hamsini na tatu akafika kijana mmoja anahema, kete mkononi. "Nipisheni! Nataka kumtangazia mke wangu kwamba nimeipata yangu, ilikuwa kwa kinyozi!"

"Hujambo, bwana," Raya akasema. "Mkeo yuko wapi?"

"Pale chini, kisimani. Mwenye kitenge cha njano."

"Unamwona?"

"Namwona vizuri tu."

"Basi si umwite?"

Yule bwana alimtazama Raya, akamtazama mkewe, akaitazama kete. Akakinga mikono mdomoni kwa wasiwasi, akaita. Kitenge cha njano kikageuka, kikapunga mkono. "Amesikia!" akasema, na alishuka mlima akiita njia nzima, mpaka mkewe akamwambia imetosha.

"Mia na kumi. Mia na kumi na moja."

Wakaja wengine. Mmoja alikuwa na habari ya mbuzi, Raya akamwonyesha jirani mwenye mbuzi, amesimama hatua kumi nyuma yake. Mwingine alipofikiri vizuri aliona habari yake inaweza kungoja Ijumaa. Wa tatu alisahau amekuja kusema nini. Watu wa Ikulu walikuwa wameshatunga uzi.

Kwenye mia na themanini Mheshimiwa akapiga kifua kwa kiganja. "Masikini mimi! Hukumu!"

"Hukumu gani?" Raya akauliza.

"Asiyehudumiwa naye atoe kete yake. Lazima iwe sheria, na sheria haiwi sheria mpaka ipazwe." Alikuwa tayari ameshika kete, ile ile, kati ya kidole na kidole, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka mingi, ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kikapu. "Ni maneno matano tu. Hayazidi matano."

Raya hakumzuia. Aliondoka mbele ya kikapu, akampisha, ili Mheshimiwa amwone Chande vizuri. Chande naye alikuwa ameinua baragumu. Lilikuwa linamtetemeka mikononi, lakini alikuwa ameliinua, kwa kuwa mtu ameshika kete mbele yake.

"Mia na themanini na tisa," Bi Fundira akasema. "Tisini."

Mheshimiwa Tulizo aliitia kete mfukoni.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema. Akateremka, na nyumba ya kwanza wakamsikia anabisha hodi. Kwa sauti yake, iliyofika nyumba tatu tu, na kwa salamu za Lalapo zilivyo ndefu, ilimchukua siku kumi na nane kuimaliza nchi. Walioonana naye mwishoni walisema amepungua tumbo na anawajua watu kwa majina.

"Mia mbili," Bi Fundira akasema.

Watu wa Ikulu wakalitazama jua, wakakitazama kikapu, wakaona hakuna cha kushona. Mmoja akachomeka sindano kwenye ukosi wa kanzu yake, na wakaondoka bila neno. Bi Fundira akatwaa koleo, akaanza kusukumia majivu juu ya makaa, taratibu, kama mama anayefunika mtoto.

Chande akashusha baragumu. Kichwa kilikuwa kinamwinamia, lakini alimtafuta dada yake kwa macho mpaka akampata.

"Dada," akasema, "mama hajambo?"

Raya akafungua kinywa ajibu, na Chande alikuwa ameshalala. Alilala mdomo wazi, na mkoromo wa kwanza ukatetemesha baragumu mapajani mwake.

Bi Fundira akajipangusa masizi usoni kwa upindo wa kanga, akazidi kujipaka. "Maskini, hakupata jibu lake. Tia kete, mwanangu, mwambie. Nitapepea upesi."

Raya alikaa chini karibu na kiti kilichokuwa kinapoa, akautengeneza mguu wa mdogo wake uliokuwa umepinda vibaya.

"Hajambo," akamwambia Bi Fundira. "Na kesho atakuwa hajambo vile vile."